Boda: Neno la Kiingereza Lililozaliwa Upya Busia

(Mhadhara uliotolewa Kimaka, Jinja, mbele ya walimu, maofisa wa jeshi, viongozi wa mitaa na wakazi)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, maafande mlioketi safu ya mbele, walimu wenzangu wa Jinja na ninyi mliodamka alfajiri kuja kutoka Mbale, wazee wa mtaa, kina mama wa soko, na ninyi vijana wa steji mliochagua viti vya karibu na mlango ili macho yasiache pikipiki zenu: nawasalimu nyote. Kodheyo kwa wenyeji wa Busoga. Mulembe kwa wageni wetu wa mlimani.

Nimeombwa nizungumze juu ya neno moja la kawaida la Kiingereza na maana zake nyingi. Nadhani walioniomba walitegemea nichague kimojawapo cha vile vitenzi vifupi vya Kiingereza vinavyowatoa jasho wanafunzi wetu. Sikuvichagua. Nimechagua neno ambalo kila mmoja wenu amelitamka leo kabla ya kufika hapa, na baadhi yenu mmelilipia nauli. Neno hilo ni boda.

Nia yangu niitaje mapema ili mtakaochoka njiani mjue nilikuwa naelekea wapi. Nataka kuonyesha kwamba neno hili, ingawa mbegu yake ni ya Kiingereza, ni mchango wa mashariki ya Uganda kwa lugha ya Kiswahili. Tena nataka kutoka hapo niwaulize wale wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni katika nchi hii: mgeni gani huyo anayetumia maneno tuliyompa sisi?

Hoja ya kwanza: neno lilikuja na maana nyingi, tukachukua moja

Kwa Waingereza, neno border hufanya kazi nyingi. Ni ukingo wa kitambaa. Ni tuta refu la maua kando ya ukuta wa nyumba. Ni ule urembo unaozunguka picha au cheti. Ukilitaja kwa wingi mbele ya Mskoti, bila kutaja nchi yoyote, atajua unasema juu ya wilaya zilizo kati ya kwao na Uingereza. Ni kitenzi pia, na hapo husema tabia ya mtu inapakana na wazimu. Wala si mali yao ya asili, maana waliliazima kwa Wafaransa katika karne za kati. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuona wezi.

Sasa tazameni upande wetu. Kazi hizo zote katika Kiswahili zilikwisha kuwa na wenyewe. Mama akikunjua kanga mbele yako utaona pindo likizunguka pande zote nne, ndani yake mji, na chini ya mji ule msemo unaompa jirani cha kufikiria. Lile ni pindo, halihitaji jina jingine. Mto una ukingo. Shamba lina mpaka, na neno mpaka lenyewe lina kazi ya pili, kwa kuwa tunasema pia kutoka Jinja mpaka Mbale. Kiswahili hakikuwa na njaa ya neno.

Basi kwa nini tuliazima? Jibu linapatikana kwa kusikiliza mahali ambapo watu hawalitumii neno hilo. Sijamsikia Mgisu akisema boda ya shamba lake la kahawa. Ndugu wakigombania migomba miwili, wazee huitwa waje waonyeshe mpaka, hawaitwi waonyeshe boda. Boda ni pale penye geti, muhuri, askari na foleni ya malori. Mpaka unaweza kuwa wa watu wawili, wa koo mbili, hata wa subira ya mtu. Boda ni ya serikali.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1902, eneo lililoitwa Uganda kwenye karatasi za Waingereza lilienda mashariki hadi Naivasha. Aprili 1902 jimbo lote la mashariki likahamishiwa upande wa pili, upande unaoitwa leo Kenya, na mstari ukasogea huku kwetu. Wasamia wakajikuta wako pande zote mbili. Waiteso vilevile. Wagisu wa Mbale na Wabukusu wa Bungoma, watu wanaosikilizana lugha na kutahiri vijana wao kwa desturi zinazofanana, wakawa chini ya tawala mbili bila kuhama nyumba. Kitu kilikuwa kipya, na waliokileta ndio waliokipa jina. Wananchi walilichukua jina hilo kama lilivyo, wakaliacha neno mpaka liendelee na mambo ya mashamba.

Hoja ya pili: jinsi mahali palivyogeuka kuwa chombo

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo penye utamu.

Busia ni mji mmoja uliokatwa vipande viwili, Busia ya Uganda na Busia ya Kenya, na kila kipande kilikuwa na ofisi zake za uhamiaji na forodha. Kati ya ofisi na ofisi kulikuwa na kipande cha barabara kisicho cha huyu wala cha yule. Basi lilikomea upande mmoja. Gari lisilo na karatasi halikuvuka. Abiria mwenye gunia la dagaa kichwani na mtoto mgongoni alishuka, akatembea kwa miguu juani mpaka ofisi ya pili, kisha akatafuta gari jingine.

Katika miaka ya 1960 vijana wa hapo wakaona riziki. Baiskeli haikudaiwa karatasi za gari. Wakachukua zile baiskeli nzito nyeusi za chuma, wakaimarisha keria, wakafunga juu yake sponji iliyovikwa ngozi au plastiki ili abiria asiumie, na wengine wakaweka vyuma vya kukanyagia miguu. Kisha wakajipanga na kuita: boda! boda!

Tusikilize vizuri mwito huo. Kijana yule hakuwa akitaja jina la chombo chake. Alikuwa akitaja anakokwenda, sawasawa na kondakta wa hapa Jinja anavyoita Iganga! Iganga! au Mbale! Mbale! Neno lilikuwa bado ni jina la mahali. Ila abiria waliosikia mwito uleule asubuhi mpaka jioni wakaanza kuwaita waitaji kwa mwito wao. Kutoka mahali likahamia kwa mtu, kutoka kwa mtu likahamia kwa baiskeli, na baiskeli zilipofika Tororo, Mbale na Jinja, miji isiyo na geti wala forodha, neno lilikwisha kumtupa mkono mama yake. Mtu wa Jinja alipanda boda kwenda sokoni, wala hakuna mpaka wowote aliovuka.

Linganisheni na majirani. Watu wa Nairobi waliita gari lao matatu kwa sababu ya nauli, zile senti thelathini za sarafu tatu za kumi kumi. Watu wa Dar es Salaam waliita lao daladala, na wengi husimulia kwamba ni kwa sababu ya dala, shilingi tano aliyolipa abiria. Miji miwili mikubwa ilitazama mfuko, Busia ikatazama safari. Siwezi kuficha kwamba mimi napendelea jina la Busia.

Sasa lipo jambo ambalo wazee waliopo hapa wanalijua kuliko mimi, nalo liliongeza ladha nyingine katika neno hili. Baada ya mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa, viwanda vyetu vililegea, na sukari, chumvi na sabuni vikawa vya kutafutwa kama dawa. Hiyo ni nchi yenye kiwanda cha Kakira, hapa jirani, inayokosa sukari! Kisha Julai 1975 baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Kahawa ya mteremko wa Elgon, ambayo kwa utaratibu ilipaswa kupitia ushirika wa Bugisu huko Mbale, ikaanza kushuka usiku upande wa pili wa mlima hadi Chepkube, katika ardhi ya Bungoma, soko la magendo lililotajirisha watu kwa misimu michache na kuwaua wengine. Tangu hapo kusema mtu amekwenda boda kukawa na maana ya nusu sauti. Hata leo, muuzaji akisema mzigo umetoka boda, mnunuzi mwenye adabu haulizi risiti.

Hoja ya tatu: sarufi imekwisha kulipa neno uraia

Walimu, kalamu tayari.

Chukueni sentensi tatu. Boda imeharibika. Boda amechelewa. Boda wamegoma. Ya kwanza ni chombo, ya pili ni mtu, ya tatu ni watu. Neno halikubadilika hata herufi moja, na wala hakuna msikilizaji aliyebabaika, kwa kuwa kazi yote imefanywa na kiambishi cha kitenzi. Kiswahili kimelipokea neno hili kama kilivyowapokea askari, daktari, rafiki na dereva, watu ambao hawana ule m wa mtu mbele yao na bado tunasema amefika, wamefika. Kwa Kiganda wenzetu wamelazimika kusema owa boda, yaani yule wa boda. Kiswahili kilimaliza habari kwa herufi moja.

Ongezeni ya nne: boda imefungwa. Hapo ndipo pa kumpa mwanafunzi mtihani. Je, mpaka umefungwa na serikali, au pikipiki imefungwa kwa mnyororo mlangoni? Sarufi peke yake haitoshi, inabidi ujue msemaji amesimama wapi.

Na kwa nini neno lilisemwa mara mbili? Zipo hadithi nyingi, mimi nashika iliyo rahisi. Anayenadi kitu hakitaji mara moja. Aidha Kiswahili hupenda kurudufu majina ya vyombo vya aina hii, kuanzia pikipiki hadi daladala, kiasi kwamba bodaboda ilipoingia ilikuta ndugu zake wamekaa kwenye benchi wanaisubiri. Baadaye kila nchi ikaenda na lake. Sisi Uganda tulichoka, tukabaki na boda moja. Tanzania wamebaki na bodaboda kwa mtu na kwa pikipiki, na boda ya mkato nayo ipo midomoni mwao, lakini ukisikia boda ya Namanga au boda ya Tunduma ujue ni mpaka. Wakenya huandika boda boda kwa maneno mawili, ingawa kijana wa Nairobi atakwambia nduthi. Huko magharibi mwa Kenya boda wa baiskeli husemwa ananyonga, neno linalomtia hofu mgeni ambaye kwake kunyonga ni kazi ya kamba na shingo.

Mkisafiri, jihadharini na jambo moja. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba boda wako wa Jinja anaendesha Bajaj, ataona kichwani gari dogo la magurudumu matatu lenye turubai, kwa sababu kwao bajaji ndiyo hiyo. Kwetu Bajaj ni pikipiki yenyewe, na ile ya magurudumu matatu tunaiita tuku-tuku. Halafu muulize yuko steji gani, naye hatakuelewa mara moja, kwa kuwa yeye hukaa kijiweni.

Kuna boda mwingine asiye na pikipiki wala mpaka, nimekaribia kumsahau. Ni mwanafunzi wa bweni. Kwa Kiingereza neno lake lina herufi moja zaidi katikati na maana nyingine kabisa, ila midomoni mwetu yanatoka sauti moja. Mtoto akikwambia kwamba mwaka ujao anataka kuwa boda, muulize kwanza ni yupi, kabla hujachukua fimbo.

Hoja ya nne: kambi na barabara

Maafande, hoja hii naileta hapa Kimaka kwa makusudi, karibu na Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, mahali ambapo Kiswahili hakihitaji kutetewa.

Kiswahili kilifika kwa Waganda wengi kikiwa na buti. Jinja ilikuwa kituo cha kikosi cha KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na amri zilitolewa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na miaka iliyofuata raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, mbele ya mtutu. Mtu aliyeambiwa toa kitambulisho akiwa anatetemeka hatamtuma mwanawe kwa furaha akajifunze lugha hiyo. Uchungu huo ni wa kweli, na sipendi tabia ya wapenzi wa Kiswahili ya kuupuuza. Ukimcheka mzee mwenye kumbukumbu hiyo, umempoteza yeye na wajukuu zake.

Lakini kuna Kiswahili kingine kilichoingia nchi hii kwa mlango mwingine, bila amri wala bunduki. Kilipita Busia, Malaba na Lwakhakha kikiwa juu ya keria. Ni cha kupatana bei, cha kuulizana njia, cha wewe lipa nusu nyingine tukifika. Hakikuandikwa na kamati yoyote. Kilikuwa cha watu wenye kuhitajiana, na neno lake mashuhuri kuliko yote ni hili tunalolizungumzia. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Hatua hizo nazipongeza. Ila kwa desturi yetu sheria imewasili imechelewa: kijana wa Busia alikuwa amekwisha fungua shule miaka mingi kabla.

Na hapa ndipo ninapowapinga wale wasemao Uganda ni mwanafunzi wa Kiswahili, ikae chini isikilize Zanzibar na Dar es Salaam. Tu wanafunzi kweli, katika mengi. Lakini mzee wa Tanga anapoagiza aitiwe bodaboda, anatumia neno la mashariki ya Uganda na mlango wake wa Kenya, na wala hatuombi ushuru.

Hoja ya tano: je, ni Kiswahili fasaha?

Nitakuwa mfupi. Walimu huniuliza kama wamkate alama mtoto anayeandika boda kwenye insha. Jibu langu lina pande mbili. Akiandika boda ya Uganda na Kenya, mwonyeshe neno mpaka, kwa kuwa lipo, linatosha, na ni uvivu kuliacha katika maandishi ya heshima. Akiandika alipanda boda kwenda hospitali, mwache. Kumlazimisha aandike pikipiki ya kukodi ya kubebea abiria ni kumfundisha kusema kama tangazo la zabuni.

Neno limekwisha kusogea tena mbele ya macho yetu. Machi 2020, wakati wa korona, boda walikatazwa kubeba abiria wakaruhusiwa mizigo tu, mpaka Julai. Kwa miezi hiyo kumwita boda kulikuwa ni kutuma kitu, dawa au debe la unga, na tangu hapo wengi humtuma boda bila wao wenyewe kupanda. Sijaona kamusi iliyoandika maana hiyo.

Huko mbele

Februari 2018 marais wa Uganda na Kenya walizindua kituo cha pamoja Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Ule mwanya wa barabara uliompa baiskeli kazi, na uliolipa neno uhai, kiserikali umezibwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imepanuka: Kongo iliingia 2022, Somalia ikakamilisha uanachama 2024. Pikipiki za umeme zimeanza kupita bila kelele. Chombo kitabadilika, mpaka utabadilika, na neno, kwa nilivyolichunguza, litapanda chochote kitakachokuja.

Ombi langu ni la kazi, si la makofi. Walimu, wapeni wanafunzi madaftari wakae steji Jumamosi moja waandike maneno wanayoyasikia, nani kayasema na kwa maana gani. Maafande, ninyi mna msamiati wa kambini ambao haujakusanywa, na si wote ni siri ya jeshi. Wa Mbale, nendeni Lwakhakha kabla wazee waliobeba kahawa ile hawajaondoka, muwaulize walikuwa wakiitaje. Mkishakusanya, nakala moja ibaki hapa Jinja na nyingine ipelekwe Zanzibar, kwenye Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikiwa na majina ya vijiji vyenu juu yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimetumia dakika zangu na chache za kwako. Mwenye swali anyooshe mkono, na vijana wa mlangoni muanze ninyi.